Katambuga la Kushoto

Maiti ya Jilala haikunuka dawa ya pamba. Hilo ndilo jambo la kwanza Sajini Josia Salu aliloandika kwenye daftari lake asubuhi ile ya Julai, mwaka tisini na tano, amesimama ndani ya chumba cha maiti cha hospitali ya wilaya pale Bariadi, leso puani. Miaka kumi na mmoja alikuwa mpelelezi wa kituo, na katika miaka hiyo alishaokota watu wengi waliokunywa dawa ya pamba: waliogombana na waume, walioshindwa kesi za ng'ombe, na mmoja aliyekosea chupa akidhani ni mafuta ya taa. Wote ungewanusa kabla hujafika mlangoni. Huyu alinuka umauti basi.

"Kwa hiyo hakulishwa sumu," alisema.

"Sijasema hivyo. Nimesema hanuki," alijibu Justina. "Sogea."

Justina alikuwa daktari msaidizi, mama wa makamo, mtu wa Binza kule Maswa, mwenye mikono mikubwa kama ya mkamuaji na mdomo usiopoteza maneno. Yeye ndiye aliyemlaza Jilala wodini siku kumi na mbili, yeye ndiye aliyemfumba macho Jumamosi, na leo Jumatatu yeye ndiye aliyempasua, kwa kuwa Salu alimletea karatasi ya polisi inayotaka kujua mtu huyu ameuawa na nini.

Jibu lilitakiwa kabla ya saa kumi jioni. Saa kumi ndipo sungusungu wa Mwashilinde, kijiji cha marehemu, walipopanga kukaa baraza juu ya mwanamke mmoja aitwaye Milembe, muuza samaki wakavu, ambaye walikuwa wamemfungia ghalani tangu juzi. Walisema kamlisha Jilala sumu, na kama si sumu basi ni uchawi. Kwao tofauti haikuwa kubwa. Baada ya baraza wangempa njia. Kila mtu wilayani alijua maana yake. Mwaka uliopita, kijiji cha jirani, bibi mmoja alipewa njia mchana kweupe, na kesho yake wachungaji wakamkuta mbugani amekatwa mapanga, na hapakuwa na mtu aliyeona lolote. Mkuu wa kituo alimwambia Salu wazi kwamba gari liko juu ya mawe, na askari wawili hawawezi kumtoa mtu mikononi mwa watu mia mbili wenye pinde. Kama unaweza kumtoa kwa mdomo, alisema, nenda kamtoe.

Justina alianzia juu. Macho meupe, hayana umanjano hata chembe. Kifua hakina neno. Kisha akavuta shuka, na Salu akaona miguu. Kuanzia magotini kushuka, ngozi ilikuwa na michoro ya rangi ya zambarau iliyopishana kama wavu wa kuvulia, na juu ya kifundo cha kulia palikuwa na kidonda kikavu kilichochimbika bila kuumwa na kitu. Mguu wa kushoto ulilegea, unyayo umelala chini kama wa mtu anayenyoosha kidole kuonyesha njia.

"Hivyo ndivyo ulivyokuwa akiwa hai," Justina alisema. "Vidole vilikuwa havipandi. Akila, tumbo linamkata nusu saa baadaye, ikafika mahali akaogopa chakula. Mkojo una damu. Presha ya kuua farasi. Na haya yote hayakumjia siku moja, Sajini. Miezi."

Alifunua tumbo. Utumbo ulikuwa mweusi vipande vipande, kana kwamba mtu ameuchoma kwa kijinga cha moto hapa na pale. Justina akainua utando kwa koleo, akamwambia atazame mishipa ya damu inayokwenda kwenye utumbo. Mishipa hiyo, alieleza, hutakiwa kuwa laini kama uzi. Hii ilikuwa na mafundo madogo madogo, moja nyuma ya jingine, kama shanga za kiunoni.

Aliwahi kuyaona mara moja tu, akiwa mwanafunzi Mwanza, na daktari aliyewafundisha aliwaita wote waje watazame kwa sababu huenda wasiyaone tena maishani. Ndiyo maana, Jilala alipoletwa, aliipeleka damu yake Mwanza kwa basi. Majibu yalirudi Ijumaa. Alimpa Salu barua. Salu akasoma mstari uliopigiwa chini, akasoma tena, halafu akageuka kutazama ini lililowekwa pembeni kwenye sinia.

"Homa ya ini, aina ya B. Lakini ini lenyewe zima."

"Zima kabisa. Wengi hatujui hilo, tunasubiri macho yawe manjano. Mdudu anakaa ndani ya ini kimya, hajambo, anazaliana. Mwili unatuma askari wake. Askari wanamkamata mdudu kwenye damu, wanagandana naye, wanakwama kwenye kuta za mishipa, na hapo ndipo vita vinapopiganwa. Mshipa unaolisha utumbo ukifa, utumbo unakufa. Unaolisha neva ya mguu ukifa, mguu unalegea. Ni kama hao sungusungu wenu. Mwizi amelala chumbani, wao wanachoma nyumba za majirani."

Salu aliuliza kama ugonjwa huo unaweza kutoka kwenye samaki. Justina akasema hapana. Unatoka damu kwa damu, kwa sindano au wembe, na kwa kulala pamoja. Lakini mke wa Jilala alipimwa, hana. Je, kila anayeupata hufa hivi? Hapana tena. Watu wazima wengi mwili unamfukuza mdudu, pengine macho yanageuka manjano wiki mbili yakapoa, wanasahau. Kwa wachache anabaki. Na kwa wachache wa hao wachache, ndiyo haya.

"Na huyu aliupata lini?"

"Nakisia ndani ya mwaka. Tazama hapa." Aligeuza mkono wa kulia wa maiti. Juu ya kifundo palikuwa na chale tatu fupi, zimepona vizuri, bado nyeusi kwa dawa iliyosuguliwa ndani. "Hizi si za utotoni. Ningejua ni za lini ningekwambia."

"Mwezi wa kumi mwaka jana," Salu alisema.

Hakuwa amefungua daftari. Justina alimtazama. Salu akashusha mkono wa shati lake hadi kwenye kifundo, akafunga kifungo, akaomba kuona vitu vya marehemu.

Vilikuwa ndani ya gunia: shuka, fimbo, kopo la ugoro na makatambuga, yale ya tairi la gari. Salu aliyasimamisha juu ya meza moja kando ya jingine. La kulia lilikuwa limelika kisigino, kama viatu vya watu wote duniani. La kushoto kisigino chake kilikuwa kipya, ila ncha ya mbele ilikuwa imesagwa hadi nyuzi za tairi zikatokeza. Justina akasema ni kwa sababu unyayo uliolegea hutangulia kwa vidole, unaburuza. Ukitaka kumjua mtu mwenye mguu huo, alisema, hata kama anaficha, mwambie asimame kwa visigino. Ncha haitapanda, hata afanye nini.

Salu akaomba katambuga la kushoto, akatia sahihi, akaliweka ndani ya mfuko wa koti.

*

Pikipiki ya kituo ilimsumbua njia nzima. Gia ya tatu ilikataa kuingia. Ukitaka kuipandisha unaweka ncha ya mguu wa kushoto chini ya kile kichuma unakiinua, nacho mara tatu kilimponyoka. Ikabidi aende na gia ya pili, injini inalia kama ng'ombe anayechinjwa. Akamlaani fundi. Magari makubwa ya kampuni mpya za kununua pamba yalimpita yakimfunika vumbi, yamepakia marobota, kila moja na bango lake, yanakimbilia vijijini kuwahi wengine.

Hakuanzia ghalani. Alianzia nyumbani kwa Milembe, nje kidogo ya kijiji, nyumba moja ya bati na banda la kukaushia samaki. Sungusungu walidai hapo ndipo ushahidi ulipo: kichupa cha dawa ya pamba kilichokutwa kwenye kihenge, na alama za nyayo. Asubuhi ya Jumamosi, kabla hata habari ya kifo haijafika, walikuta uani alama ya kitu kilichoburuzwa, mstari unaokwenda kando ya nyayo. Wazee walisema ni fisi wake, kwamba mchawi humpanda fisi na akirudi kachoka humburuza. Na wengine, ilipokuja kujulikana kwamba Jilala kafa, wakasema basi ni Jilala mwenyewe, mguu wake ule ule, kaletwa msukule.

Walikuwa wamezungushia alama ile miiba ili mifugo isiikanyage. Hilo Salu aliwashukuru moyoni. Alichuchumaa, akatoa katambuga, akalipima juu ya mstari. Halikukaa. Jilala aliburuza mguu wa kushoto, na tairi haliachi alama za misumari. Huyu aliburuza wa kulia, na penye kisigino palikuwa na alama ya buti la jeshi, misumari yake mistari miwili, msumari mmoja umekosekana pembeni.

Fisi havai buti. Na Jilala, usiku wa kuamkia Jumamosi, alikuwa kitandani hospitalini na mpira wa dripu mkononi.

Nyayo zilitoka barabarani, zikaenda moja kwa moja kwenye kihenge cha mahindi, zikarudi. Hazikufika mlangoni. Salu alizichora kwenye daftari, akahesabu misumari mara mbili.

*

Ghala la ushirika lilikuwa tupu tangu wanunuzi binafsi waingie. Zamani msimu kama huu usingeweza kupita pale kwa marobota. Sasa palikuwa na mizani yenye kutu, popo juu ya mabati, na mlango wenye kufuli jipya la sungusungu. Aliyekuwa na ufunguo ni katibu wao, Keneth, kijana wa miaka thelathini na ushei, mwenye kalamu tatu mfukoni na moja tu inayoandika. Akasalimu kwa adabu zote, akafungua. Salu alipovuka kizingiti ncha ya buti lake ilikwaa ubao, nusura aanguke, akajishika kwenye mizani.

Milembe alikuwa amekaa juu ya gunia, amenyoosha miguu, kitenge kimefungwa kiunoni kama mtu aliye sokoni. Alikuwa mtu wa Lamadi, wa ziwani, aliolewa huku na mume akafa. Macho yake mekundu kwa moshi wa samaki wa miaka ishirini, na kwa kuwa huku macho mekundu huitwa ya mchawi, yalikuwa yameshamsemea vibaya tangu zamani.

"Mwangaluka, mayu," Salu alimwamkia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka, ng'wanone," aliitikia, naye akamwita mwanangu. "Umekuja kunichukua au kunitazama?"

Salu alisema kwanza kuuliza. Akaketi juu ya mizani. Milembe akaeleza bila kupepesa. Ni kweli Jilala alikula kwake, tena mara nyingi, tangu mwezi wa tatu. Nyumbani kwake ugali ulimchoma tumbo, nyama ilimchoma, akaja kuuliza kama mchuzi wa furu, wale samaki wadogo wa ziwani, bila kitu kingine utamkaa tumboni. Ukamkaa kidogo. Basi akawa anakuja jioni, anakunywa kibakuli kimoja, anakaa nje anaukanda mguu wake. Alisema nyayo zinawaka moto na huku hazisikii kitu. Maneno mawili yasiyokutana, lakini ndivyo alivyosema. Hakuwahi kumdai.

"Na mwingine nani alikuja kunywa mchuzi?"

Milembe alitazama mlango, aliposimama Keneth, kisha akatazama buti za Salu kwa muda, kana kwamba anatafuta kitu kilichoanguka.

"Kuna mmoja," alisema. "Tangu mwezi wa tano. Aliniapisha nisiseme. Nikikutajia atajua ni mimi, na mimi ndiye niliye humu ndani."

Salu hakumlazimisha. Akauliza tu kama ana shamba la pamba. Hana, hajawahi kulima hata mstari. Akauliza nani alikikuta kile kichupa kihengeni. Milembe akasema ni kamanda mwenyewe, Ng'washi, Jumamosi ile ile, kashikwa bega na vijana, alikwenda moja kwa moja akatia mkono kama mtu anayechukua chake.

Nje, Salu alimwomba Keneth amwonyeshe kichupa. Kilikuwa cha dawa ya pamba kweli, chenye nembo ya kampuni iliyoanza kununua huku msimu huu, na vichupa hivyo walipewa wakulima wake walioandikishwa tu. Salu alifungua kizibo, akatazama, akakifunga tena taratibu. Kisha akamwomba orodha ya kiapo.

Keneth alisita. Orodha ile haikuwa ya kuonyeshwa mtu. Mwezi wa kumi mwaka uliopita, ng'ombe walipokuwa wanaibwa kila wiki, makamanda wa sungusungu waliletewa nfumu, mganga kutoka Mwandoya, akawachanja dawa ya kuzuia risasi, mshale na uchawi. Walichanjwa kwa wembe mmoja. Sharti la dawa lilikuwa kwamba wembe usifutwe wala usioshwe kati ya mtu na mtu. Damu ya mmoja iingie kwa mwenzake ndipo wawe tumbo moja, na akisaliti mmoja, dawa imjue. Ukiufuta wembe, umekata kiapo.

"Soma kwa mpangilio," Salu alisema. "Kama wembe ulivyokwenda."

Keneth akasoma. Wa kwanza mpaka wa sita, majina ya watu wazima, wenye nguvu, ambao Salu alikuwa amewaona njiani wakichunga. Wa saba, huyo Januari macho yalimgeuka manjano, akanywa mizizi, akapona. Wa nane, Jilala. Hapo Keneth akaishusha karatasi.

"Endelea."

"Wa tisa unamjua, afande."

"Endelea."

"Wa kumi kamanda Ng'washi. Yeye huwa wa mwisho, anafunga mlango." Akakunja karatasi. "Ila mgeni hachanjwi wa mwisho. Ndivyo mganga alivyosema. Ndiyo maana uliwekwa hapo."

Mwaka ule kituo na sungusungu walikuwa wamegombana vibaya, na mkuu wa kituo alitaka mtu mmoja wa kwenda kula nao kiapo ili paweze kupita maneno. Salu alikuwa Msukuma wa Kiloleli, akatumwa yeye. Alikumbuka wembe ulivyokuwa ukiteleza.

*

Saa kumi uwanja wa ghala ulijaa. Wanaume walikaa na pinde mapajani, wanawake nyuma, watoto wamefukuzwa. Ng'washi alikuja kwa mkokoteni wa ng'ombe, ingawa nyumba yake iko ng'ambo ya barabara tu, akashushwa na watu wawili kama mtemi, akakalishwa kwenye kiti chenye ngozi. Alikuwa mzee wa miaka sitini, aliyepigana Uganda mwaka sabini na tisa, na mpaka leo alivaa buti alizorudi nazo. Uso wake ulikuwa umepungua. Watu wakasema ni huzuni ya Jilala.

Salu alimwamkia kwa heshima, akamwita namhala, yaani mzee, akaomba ruhusa aseme kwanza. Kamanda akampa, kwa mkono tu.

Alianza na kichupa. Alikiinua, akawauliza wanasema mama huyu alimmiminia Jilala kutoka humu? Wakasema ndiyo. Akafungua kizibo, akakipitisha mbele ya safu ya kwanza waone wenyewe. Karatasi ya rangi ya fedha iliyobandikwa chini ya kizibo kiwandani ilikuwa nzima, haijatobolewa hata kwa sindano. Basi Jilala aliuawa na dawa ambayo haijatoka kwenye chupa, alisema, na kichupa cha wenye mashamba kimekutwa kwa mtu asiye na shamba. Kelele zikaanza. Mzee mmoja akasema uchawi hauhitaji kufungua chupa, na watu wakacheka, lakini kicheko kile hakikukaa.

Akatoa katambuga. Akawaeleza habari ya mguu, akawaeleza mstari wa uani, kwamba si fisi wala msukule, ni mtu aliye hai anayeburuza mguu wa kulia. Kisha akasema ana ombi dogo. Makamanda wa kiapo wasimame kwa mstari kama walivyochanjwa.

Walitazamana. Wakasimama. Saba, kisha nafasi ya Jilala ambayo Salu aliweka katambuga chini, kisha nafasi tupu ya mtu mmoja. Ng'washi hakuinuka kitini.

"Sasa simameni kwa visigino. Ncha juu. Kama watoto wanaocheza."

Wakaona upuuzi, ila wakafanya. Mmoja mnene akayumba akamshika mwenzake, mtu akamtania kwamba tumbo limemshinda kiapo, uwanja ukaangua kicheko. Saba wote ncha zilipanda. Salu akageuka kwenye kiti.

"Namhala. Ni zamu yako."

"Mimi ni mzee."

"Aliyefika Kampala kwa miguu hashindwi na hili."

Ng'washi alishika mikono ya kiti, akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu Mei kijiji kilimwona amesimama peke yake. Akaegemea nyuma. Ncha ya buti la kushoto ikapanda. Ya kulia ikabaki mavumbini, imesagwa ngozi yake mpaka soli ikatoa ulimi. Pembeni ya kisigino, msumari mmoja haukuwepo.

Alikaa tena kabla hajaanguka. Aliposema, hakusema na Salu, alisema na watu wake. Alisema mguu ulimwanza mwezi wa tano, tumbo likafuata, na kwake pia kitu pekee kilichomkaa kilikuwa mchuzi wa yule mama. Jilala alikula kwake, naye alikula kwake. Angefikiri nini? Na kama ni uchawi, basi dawa ya kiapo haikuzuia, na kamanda ambaye dawa haikumkinga nani angemfuata? Alitaka yule mama amalizwe kwa sababu inayoonekana. Ndiyo maana akaweka kichupa.

"Sikuwaza kukifungua," alisema. "Niliona aibu hata kukinusa."

Salu akawaambia habari ya wembe. Hakuwa na maneno ya Justina, akatumia ya kwake. Mmoja kati ya wale wa mwanzo alikuwa na ugonjwa ndani ya ini bila kuujua, mpaka leo ni mzima, huenda asiumwe kamwe. Wembe ukampitia, ukaenda mbele bila kufutwa. Kiapo hakikuusimamisha. Keneth akauliza, sauti ndogo, kama anamaanisha kwamba kilichomuua Jilala ni kile walichochanjwa wasife. Salu akasema ndiyo. Kesho wote wangekwenda hospitali kupimwa damu, na kamanda angekwenda leo, kwa mkokoteni ule ule, kwanza kwa daktari na baadaye kituoni. Hapakuwa na aliyepinga. Wanaume wengi walikuwa wanaitazama mikono yao.

Ng'washi aliinua kidole kuelekea mlangoni. Keneth akaenda, kufuli likaanguka.

Milembe alitoka taratibu, akikinga macho na jua. Watu walimpisha njia, safari hii njia ya kweli. Hakuipita. Alisimama mbele ya makamanda, akatazama katambuga lililolala kwenye vumbi, akatazama nafasi tupu iliyo kando yake, kati ya Jilala na kiti cha kamanda.

"Hapa anasimama nani?"

Keneth alikuwa anaisoma karatasi yake kana kwamba imeandikwa upya.

"Nimewaona wawili wakianza, ng'wanone," Milembe akamwambia Salu, na hakuwa na chuki wala furaha katika sauti. "Jilala siku ya kwanza aliyokuja kwangu alikwaa ubao wa mlango. Alisema ni ubao uliokaa vibaya."

Salu alimtazama. Kisha akafungua kifungo cha mkono wa shati, akaukunja, ili kila aliyekuwepo aone chale tatu ni zile zile. Akapita mbele ya watu saba, akapita katambuga, akasimama mahali pake. Akaegemea visigino.

Ncha ya buti la kulia ikapanda. Ya kushoto akaisubiri.